Uzi: Mpango wa usafiri wa jiji uanze na njia ya maji, lami ifuate

MtaroMkuu

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni kwa wanaopanga, wanaosanifu na wanaotafuta fedha za barabara kwenye majiji yaliyokwisha kuungana na miji ya jirani. Tatizo ninalotaka tulijadili ni hili: maji yanafuata bonde, fedha zinafuata mipaka ya halmashauri. Barabara inajengwa kilomita 8, mtaro wake unaishia kilomita ya 8, na maji yote yanamwagwa kwenye eneo la halmashauri nyingine ambayo haina fungu la kuyapokea.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu tutabishana tu. Chukua kidakio (eneo lote linalomwaga maji sehemu moja) cha hekta 40 upande wa juu wa barabara, kwa sasa kina mashamba na nyumba chache. Kwa maeneo madogo kanuni ni Q = C × i × A ÷ 360. Q ni mita za ujazo kwa sekunde, i ni ukali wa mvua kwa milimita kwa saa, A ni hekta, na C ni sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kunywewa na ardhi. Ukiweka C 0.35 na i 90 unapata 3.5.

Eneo likijaa mabati, zege na lami, C inapanda hadi 0.75 hivi. Wengi wanabadilisha C peke yake, wanapata 7.5 na kufunga faili. Lakini maji yanayopita juu ya zege yanafika haraka, muda wa kukusanyika (muda wa maji kutoka mwisho wa kidakio hadi barabarani) unafupika, na mvua ya muda mfupi ndiyo yenye ukali mkubwa. Kwa hiyo i nayo inapanda. Weka 120 badala ya 90: Q inakuwa 10. Karibu mara tatu ya mwanzo, na kalvati (tundu la kuvushia maji chini ya barabara) ni lile lile.

Sasa linganisha na maji ya barabara yenyewe. Upana mita 20, urefu kilomita 1, hiyo ni hekta 2. C 0.9, i 100, unapata 0.5. Msanifu aliyepewa hadidu za rejea (maelekezo ya kazi) zinazosema "kuondoa maji barabarani" atasanifu mtaro wa 0.5. Maji yanayokuja kuikata barabara ni 10. Hajakosea hesabu yake, ameulizwa swali dogo kuliko tatizo.

Ndiyo maana nasema usanifu uanzie kwenye tokeo, yaani pale mtaro unapokabidhi maji mtoni au baharini. Pima kimo cha maji ya mto wakati wa mafuriko, kisha panda juu ukipanga mteremko wa mtaro hadi barabarani. Ukianza barabarani ukashuka, unaweza kufika mtoni ukakuta sakafu ya mtaro wako iko nusu mita chini ya maji ya mto. Hapo mtaro unarudisha maji mjini badala ya kuyatoa.

Ramani_na_Rula

Mkuu MtaroMkuu, umeanza vizuri. Nakazia upande wa mipango.

Kwa nchi zenye utaratibu wa mpango wa pamoja wa jiji na miji jirani, muundo unafanana: kuna mpango mrefu wa miaka 20 au zaidi, halafu kuna programu fupi ya miradi yenye fedha. Marekani kwa mfano, eneo la mjini lenye watu zaidi ya 50,000 lazima liwe na chombo cha pamoja cha kupanga usafiri, mpango mrefu uangalie miaka isiyopungua 20, programu fupi iguse isiyopungua 4, na mradi hauingii humo bila kuonyesha fedha zake zitatoka wapi. Sharti hilo la mwisho ni zuri, linaondoa orodha za ndoto. Lakini linaumiza mifereji ikiwa tokeo limeandikwa kama "kazi ya mamlaka nyingine". Barabara inaonekana ina fedha kamili, kumbe nusu ya mfumo wake haimo kwenye kitabu.

Ninachopendekeza ni kwamba kabla ya kuorodhesha barabara, chombo cha pamoja kitoe ramani moja ya vidakio vya eneo zima. Juu ya ramani hiyo pachorwe njia za mabasi, barabara kuu na reli zilizopendekezwa. Kila mahali mstari wa usafiri unapokata mstari wa maji papewe namba, ukubwa wa kidakio, Q ya leo na Q ya matumizi ya ardhi yaliyopangwa. Hiyo "yaliyopangwa" ndiyo muhimu, maana barabara yenyewe inaleta majengo. Kusanifu kalvati kwa ardhi ya leo kwenye barabara inayofungua eneo jipya ni kujidanganya.

Kokoto Safi

Swali kwa wakuu. Mkishapata hiyo Q ya 10, kalvati linakuwa la ukubwa gani? Na mvua ya miaka mingapi? Naona kila mradi una namba yake.

MtaroMkuu

Kokoto Safi, kwa hesabu ya awali, makalvati boksi mawili ya mita 1.5 kwa 1.5 yanapitisha karibu 10 ikiwa unaruhusu maji yafike kimo cha mita 1.8 upande wa kuingilia. Sasa angalia tuta lako (udongo ulioinuliwa unaobeba barabara): uso wa lami uwe juu zaidi ya hapo, pamoja na akiba ya nusu mita. Kama tuta ni fupi, huna ruhusa ya kimo hicho, unahitaji boksi la tatu au pana zaidi. Usichague mabomba mengi membamba badala ya boksi. Kila ukuta kati ya tundu na tundu unakamata matawi na mifuko.

Bomba nalo lina hesabu yake. Bomba la zege la milimita 600 kwenye mteremko wa 1 kwa 200 linapitisha karibu 0.43. La milimita 900, mteremko huo huo, linapitisha 1.28. Kipenyo kimeongezeka kwa nusu tu, maji yameongezeka karibu mara tatu. Kwa hiyo anayekuja kwenye kikao cha kubana matumizi akasema "tupunguze bomba saizi moja" aonyeshwe namba hizi mbili kabla hajaondoka.

Kuhusu miaka: mabomba na mitaro ya mitaani kwa kawaida husanifiwa kwa mvua ya miaka 2 hadi 10, makalvati makubwa 25, madaraja 50 hadi 100. Watu wanasikia "mvua ya miaka 25" wanadhani itakuja mara moja kwa miaka 25. Maana yake ni uwezekano wa asilimia 4 kila mwaka. Kwa barabara ya kutumika miaka 20, uwezekano wa kalvati hilo kuzidiwa angalau mara moja ni asilimia 56. Kwa mtaro wa miaka 10 ni asilimia 88. Hivyo usiishie kuuliza kama utazidiwa. Uliza maji yatapita wapi siku hiyo, na uyachoree njia.

Barabara_Kavu

Hapo pa kuzidiwa nataka nikae kidogo, maana ndipo miji mingi inapofeli.

Copenhagen walipigwa na mvua ya zaidi ya milimita 100 ndani ya saa chache tarehe 2 Julai 2011. Mpango walioutoa 2012 haukusema "tutaweka mabomba makubwa kila mahali". Walikubali kwamba kwa mvua ya miaka 100 maji yatakuwa juu ya barabara, na wakaweka kikomo: kina kisizidi sentimita 10. Baada ya hapo ndipo wakachagua barabara zipi zibebe maji, bustani zipi ziyahifadhi na wapi pachimbwe mahandaki. Kikomo cha namba kama hicho kinampa mhandisi wa barabara kazi inayopimika. "Kupunguza athari za mafuriko" hakipimiki, na mkandarasi hawezi kukifunga.

Sasa mambo ya uwanjani ambayo huwa yanaharibu hata usanifu mzuri:

Njia ya mabasi katikati ya barabara. Ikiinuliwa na kuwekewa kingo pande zote, inakuwa ukuta. Maji ya upande wa juu hayavuki tena kwenda kwenye mtaro wa upande wa chini. Lazima kuwe na viingilio vya maji upande wa juu wa kingo na bomba linalovuka chini ya njia ya mabasi, na visianze kufikiriwa baada ya zege kumwagwa. Kituo cha basi kisikae kwenye bonde la barabara. Kikilazimika, weka kiingilio kwenye sehemu ya chini kabisa na vingine viwili pembeni yake, kila upande kimoja, ili cha katikati kikiziba maji yasipande jukwaani.

Matuta ya kupunguza mwendo. Tuta likigusa kingo pande zote linafunga mkondo wa maji. Acha nafasi ya sentimita 20 hivi pembeni, au weka kiingilio juu kidogo ya tuta.

Kuongeza lami. Kingo ikiwa sentimita 15, tabaka la sentimita 5 likiongezwa mara mbili inabaki 5. Maji yanapanda njia ya miguu na kuingia madukani, na viingilio vinakuwa mashimo ndani ya lami. Kwangua lami ya zamani kwanza, ndipo utandaze. Kukwangua kunaongeza gharama ya mkataba, lakini ni ndogo kuliko kuinua kingo na vifuniko vya mtaa mzima.

Mabomba ya maji safi na nyaya kupitishwa ndani ya kalvati. Fundi anaona tundu tayari lipo, anapitisha bomba lake katikati. Takataka ya kwanza inanasa hapo. Mkataba uweke mirija ya akiba ya kupitishia huduma chini ya barabara, nje ya kalvati, kila panapovukwa.

Na kwa wanaojali uhai wa lami: sakafu ya mtaro wa pembeni iwe angalau sentimita 75 chini ya mgongo wa barabara. Mtaro ukiwa juu zaidi ya tabaka la msingi, maji yanaingia ubavuni, udongo unalainika, na malori yanamaliza kazi. Mashimo yanaonekana juu, lakini ugonjwa uko pembeni.

Fungu_la_Nne

Nije kwenye fedha, maana wahandisi mnaandika kana kwamba hazina haina mwisho.

Kwenye jedwali la gharama za mradi, mitaro inagawanyika mafungu matatu ambayo hayalingani kwa hatari. La kwanza ni mitaro ndani ya hifadhi ya barabara. Hili halina shida, linalipwa na mradi. La pili ni kalvati linalovuka, nalo kwa kawaida linalipwa. La tatu ni mfereji kutoka ukingo wa hifadhi hadi mtoni. Hapa pana ardhi ya watu, pana fidia, na mara nyingi pana mipaka ya halmashauri nyingine. Fungu hili likiandikwa kama "fedha za tahadhari", litaliwa na ongezeko la bei ya lami kabla mradi haujafika nusu. Liwe kipengele chenye vipimo na kiasi chake, na fidia yake ilipwe pamoja na fidia ya barabara, zoezi moja, tathmini moja. Ukirudi kwa wananchi mara ya pili bei ya ardhi imeshapandishwa na barabara yako mwenyewe.

Ujenzi nao uanzie chini kwenda juu. Mkandarasi asilipwe hati ya malipo ya lami kwenye kipande ambacho mfereji wake wa kutokea haujakabidhiwa. Ni sharti moja tu kwenye mkataba, lakini linabadilisha mwenendo wote wa kazi.

Kuhusu vyanzo, mkopo au hatifungani vinafaa kujenga, havifai kusafisha. Tozo ya mafuta inalipa matengenezo ya barabara, ila kadiri magari yanavyokunywa mafuta kidogo na ya umeme yanavyoongezeka, makusanyo kwa kila kilomita inayoendeshwa yanashuka. Kwa mifereji kuna chanzo kinachokwenda na sababu ya tatizo: tozo ya maji ya mvua kwa mita ya mraba ya paa na sakafu ngumu. Ujerumani miji mingi hutenganisha bili ya majitaka na ya maji ya mvua kwa msingi huo, na Philadelphia nao wanatoza kwa kuangalia eneo la kiwanja na sehemu iliyofunikwa. Ghala lenye hekta 2 za bati na zege halilipi sawa na nyumba yenye bustani, na mwenye ghala akijenga hifadhi ya maji kwenye kiwanja chake anapunguziwa.

Kokoto Safi

Fungu_la_Nne, hiyo tozo si itawaangukia wapangaji wadogo? Na barabara yenyewe, ambayo yote ni sakafu ngumu, inalipa?

Fungu_la_Nne

Maswali yote mawili ni ya msingi. Kwa nyumba ndogo weka kiwango kimoja cha chini, bila kupima kila paa, kwa sababu gharama ya kupima itazidi makusanyo. Kipimo kamili kiwe kwa viwanja vikubwa: viwanda, maghala, maegesho, taasisi. Na ndiyo, mamlaka ya barabara ilipe. Ikisamehewa, mzigo wake unahamia kwa wengine, na haitakuwa na sababu yoyote ya kupunguza maji inayoyazalisha. Fedha ziende kwenye akaunti yenye matumizi yaliyofungwa kisheria: kusafisha, kukarabati, kupanua. Zikiingia mfuko mkuu zinapotelea kwenye mishahara mwaka wa pili.

Ramani_na_Rula

Niongezee mabwawa ya kupunguza kasi, kwa sababu hapa ndipo mpango wa ardhi unapookoa fedha nyingi kuliko bomba lolote.

Turudi kwenye kidakio cha hekta 40. Unataka kilichokuwa 3.5 kibaki 3.5 hata baada ya majengo, ili wa chini wasiumie. Muda wa kukusanyika ukiwa dakika 25, sawa na sekunde 1,500, kadirio la haraka la ujazo ni sekunde hizo mara tofauti ya Q: 1,500 × (10 − 3.5), karibu mita za ujazo 9,750. Kwa kina cha mita 1.5 ni hekta 0.65. Haifiki hata asilimia 2 ya kidakio. Ni kiwanja kimoja cha mpira. Kikitengwa kabla ya upimaji wa viwanja, hakina fidia. Kikitafutwa baadaye, unabomoa nyumba.

Kiwanja hicho kinaweza kuchezewa siku nyingine zote, mradi sakafu yake iwe na mteremko wa kukauka na kuwe na njia ya dharura juu ya ukingo kwa mvua inayozidi. Bomba la kutokea liwe na sahani yenye tundu lililopimwa. Mtu akiitoa "ili maji yaondoke haraka", bwawa halifanyi kazi tena. Likauke ndani ya saa 48, lisizidi 72, vinginevyo unafuga mbu.

Barabara_Kavu

Ramani_na_Rula, nakubaliana kwa sehemu. Mabwawa mengi madogo yaliyotawanywa bila hesabu ya pamoja yanaweza kuongeza kilele cha mafuriko. Bwawa la chini ya bonde likichelewesha maji yake hadi yakutane na kilele kinachotoka juu, mto unapata vyote viwili kwa pamoja. Sehemu za chini kabisa, karibu na mto mkuu, mara nyingine ni bora yaachiwe mapema. Kwa hiyo sharti la "kila mradi uhifadhi maji yake" lisitungwe kwa halmashauri moja moja. Modeli ya bonde zima ifanyike kwanza, na chombo cha pamoja ndicho kitoe kiwango cha kutolea maji kwa hekta, eneo kwa eneo.

Ramani_na_Rula

Sina ubishi hapo. Kiwango kwa hekta kwa kila sehemu ya bonde ndicho sahihi, na kiandikwe kwenye kibali cha ujenzi.

Mzani wa Miradi

Nina jambo la upangaji wa vipaumbele. Miradi ya usafiri hupewa alama kwa foleni, ajali, idadi ya abiria na gharama. Mafuriko yakiwekwa kama sentensi ya "mazingira" yanapata alama tano ambazo kila mradi unazipata. Yageuzwe kuwa saa zinazopotea, yaingie kwenye kapu lile lile la foleni. Mfano: barabara yenye magari 30,000 kwa siku, ikifungwa siku 4 kwa mwaka na njia mbadala ikiongeza dakika 40, inapoteza saa-gari 80,000 kwa mwaka. Ukiziweka hivyo, kalvati linaweza kushinda upanuzi wa makutano. Ila ukishahesabu saa hizo, usiziongeze tena kama "ustahimilivu" kwenye safu nyingine, faida itakuwa imehesabiwa mara mbili na wakaguzi watakataa jedwali zima.

Kuna pia miradi inayobeba kazi mbili. Handaki la SMART la Kuala Lumpur, lililofunguliwa 2007, lina urefu wa kilomita 9.7. Sehemu yake ni barabara ya magari ya kulipia ya ghorofa mbili, na mafuriko makubwa yakija magari yanatolewa na maji yanapitishwa humo. Inavutia, lakini watu wanasahau masharti yake: mfumo wa kupima mvua na mito juu ya bonde, milango ya chuma, muda wa kuondoa magari na kazi ya kusafisha tope kabla ya kufungua. Jiji lisiloweza kusafisha mtaro wa wazi lisianze na hilo.

Kokoto Safi

Basi tumalizie na usafishaji. Unafanyikaje ili usiwe wa kupiga picha tu?

MtaroMkuu

Anza na sababu. Mtaro wa zege wa mita 1 kwa 1, mteremko wa asilimia 0.3, ukiwa safi unapitisha karibu mita za ujazo 1.75 kwa sekunde. Tope likijaa nusu ya kina, unabaki na 0.72 au chini ya hapo. Nusu ya tope imeondoa karibu asilimia 60 ya uwezo. Hii ndiyo sababu ya kulipia usafishaji kwa kimo cha tope, siyo kwa mita zilizotembelewa: tope likifika robo ya kina, kazi inaitishwa.

Usafishaji uanzie kwenye tokeo kwenda juu. Ukianza juu, maji na tope ulilolichokonoa vinasimama kwenye kizibo cha chini. Tope libebwe siku hiyo hiyo. Likirundikwa ukingoni, mvua ya kwanza inalirudisha na mmelipa bure. Vifuniko viwe vipande ambavyo watu wawili wanaweza kuviinua kwa ndoano. Mfuniko wa sentimita 60 kwa 60, unene 10, una kilo 85 hivi, unainulika. Ule wa mita nzima unapita kilo 200, hakuna atakayeufungua hadi siku ya mafuriko. Pale mtaro unapopokea maji ya mteremko wenye udongo wazi, jenga shimo la kunasa mchanga kabla ya kalvati, lenye njia ya gari la kulisafisha. Bila njia ya gari, shimo hilo litajaa msimu wa kwanza na halitaguswa tena.

Na kwenye makabidhiano ya mradi, pamoja na michoro ya kilichojengwa, idaiwe orodha ya kila kiingilio, chemba na kalvati: mahali lilipo, kimo cha chini na jina la ofisi inayolimiliki. Kalvati lililoko mpakani mwa halmashauri mbili liandikwe kwa ofisi moja, na nyingine ichangie gharama kwa uwiano wa hekta za kidakio zilizo upande wake.